Kicheko Mezani pa Fundi: Redio na Televisheni za Mwanzo Mjini Lubumbashi

Historia ya Lubumbashi iliyoandikwa kwa wingi ni ile ya shaba, ya reli na ya kambi za wafanyakazi. Kicheko kilichozunguka redio na televisheni za mwanzo mjini humo kimeachwa kando, ingawa ndani yake umo ujuzi wa ufundi ambao haukuwekwa popote pengine. Makala haya yanashikilia kwamba mizaha ya mafundi wa vyombo hivyo, pamoja na ile ya wateja wao, ilikuwa njia ya mji mzima kujifunza mashine ngeni inavyofanya kazi, kwa kuwa karibu kila mzaha uliodumu ulibeba ukweli fulani wa umeme, wa sumaku au wa joto, na mtu aliyeuelewa mzaha huo vizuri alikuwa tayari ameelewa nusu ya chombo. Kwa sababu hiyo mizaha hiyo inastahili kusomwa kwa umakini ule ule unaotumika katika kusoma barua, picha na kumbukumbu za ofisi.

Redio ilitangulia, na redio iliyochekesha watu wengi katika ukanda wa shaba ilitengenezwa kwa ajili ya upande wa pili wa mpaka wa Kongo. Mwaka 1949 Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia, aliishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza itengeneze redio ya bei nafuu kwa wasikilizaji Waafrika wa kituo cha Lusaka, baada ya kuhangaika muda mrefu na viwanda ambavyo havikuamini kwamba soko hilo lipo. Kasha lake lilikuwa la mviringo, lenye upana wa sentimita 23 hivi, lililopakwa rangi ya buluu, kwa sababu mfano wa kwanza ulijengwa ndani ya sufuria isiyo na mkono, na jina la sufuria likabaki nayo. Bei yake ilikuwa pauni 5, betri ikinunuliwa kando, na betri hiyo ilidumu kwa saa 300 hivi. Peter Fraenkel, aliyefanya kazi katika kituo hicho cha Lusaka, aliandika kumbukumbu za miaka hiyo katika kitabu kiitwacho Wayaleshi, kilichotoka mwaka 1959, na kitabu hicho ni ushahidi mzuri kwamba wasikilizaji wa ukanda wa shaba hawakuipokea redio kwa hofu tu, kama ilivyosimuliwa mara nyingi na wageni, bali waliihoji, waliitania na kuigeuza kuwa sehemu ya mazungumzo yao ya kila siku.

Upande wa Kongo, ambako mwaka huo huo wa 1949 redio ya koloni ilianza kuwa na vipindi vya Waafrika katika lugha zao, Kiswahili kikiwa mojawapo, jambo la kwanza lililohitaji ujanja lilikuwa betri, ambayo Waswahili wengi wameizoea kwa jina la mawe ya redio. Mawe yaliyochoka yaliwekwa juani, yalisogezwa karibu na jiko la makaa, na mengine yaligongwa au kung'atwa pembeni, na wageni waliotazama desturi hiyo waliicheka kama ushirikina. Kwa kweli haukuwa ushirikina hata kidogo. Betri kavu ya zinki na kaboni hutoa umeme kwa mabadiliko ya kikemia, yaani kwa zinki kuliwa polepole na unyevu uliochanganywa na chumvi, na mabadiliko hayo huenda kasi zaidi yanapopata joto. Zaidi ya hapo, betri iliyopumzishwa hupata nafasi ya kuondoa gesi na takataka zilizozonga kijiti chake cha kaboni, hivyo inaweza kweli kutoa nguvu kwa muda mfupi tena. Yule aliyeyaanika mawe juani ili asikilize habari za jioni alikuwa amefanya majaribio na kupata jibu, na mcheshi aliyesema kwamba redio ya jirani yake inakula jua alikuwa ameeleza jambo la kisayansi kwa maneno matatu.

Chombo chenyewe cha wakati huo kilitumia vali, ambazo katika Kongo, kwa kufuata Kifaransa, huitwa lampu. Vali ni kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa, ambamo waya mwembamba hupashwa moto mpaka utoe elektroni, yaani chembe ndogo mno za umeme, na chembe hizo huongozwa ili kuikuza sauti dhaifu iliyonaswa na antena. Kwa kuwa waya huo unahitaji muda wa kupata moto, redio ya umeme ya sebuleni haikusema neno lolote kwa nusu dakika nzima baada ya kuwashwa, na kimya hicho kilizaa kundi kubwa la mizaha kuhusu mtu mwenye haraka aliyebeba redio nzima hadi kwa fundi kabla haijaamka. Kutokana na joto hilo hilo ndipo palipozuka pia desturi maarufu kuliko zote, ile ya kupiga chombo kofi. Vali zilichomekwa katika matundu ya chuma, si kulehemiwa, na kila siku ziliposhika moto na kupoa chuma kilitanuka na kunywea, vumbi na kutu vikaingia katikati, mpaka mguso ukalegea. Vilevile maungo yaliyolehemiwa vibaya yalipasuka nyufa ambazo jicho haliwezi kuziona. Kofi moja la ubavuni liliweza kuurudisha mguso mahali pake. Fundi mzuri alijua kwamba kofi hilo ni kipimo kabla ya kuwa tiba, kwa maana chombo kinachopona kwa kofi kimekwisha kukiri kwamba ugonjwa wake uko kwenye maungo na si kwenye vali yenyewe, na kwa hiyo swali lake la kwanza kwa mteja, ambalo wengi walilipokea kwa kicheko, lilikuwa kama mlikwisha kukipiga nyumbani, upande gani, na kilijibu nini.

Transista, kipande kidogo kinachofanya kazi ya vali bila kupashwa moto, ilibuniwa nchini Marekani mwezi Desemba 1947, na redio ndogo zilizotumia transista zilipoenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 zilipunguza sana matumizi ya mawe. Televisheni ilifuata njia ndefu zaidi. Kitwe, mji wa migodi ulio upande wa Zambia, ulikuwa na kituo chake tangu 1961. Kenya ilianza 1962, Uganda 1963, na Zanzibar ikawashangaza wengi kwa kuanza moja kwa moja na picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Kongo ilizindua televisheni ya taifa mjini Kinshasa mwezi Novemba 1966, mwaka mmoja baada ya Mobutu kutwaa madaraka, na katikati ya miaka ya 1970 serikali ilijenga kwa mkopo wa Ufaransa mji mzima wa redio na televisheni pamoja na vituo vya satelaiti vya kuzipeleka picha hizo mikoani. Hivyo watazamaji wa Lubumbashi, walio mbali na Kinshasa kwa zaidi ya kilomita 1,500, nao wakaiona kila jioni sura ya rais huyo ikijitokeza katikati ya mawingu kabla ya taarifa ya habari. Uhusiano kati ya ufundi na siasa hapo ulikuwa wa karibu mno: sura hiyo ilipopinda, ilipojirudia mara mbili au ilipopanda juu bila kusimama, waliokuwa sebuleni walijifunza kucheka kwa tahadhari, na fundi alijifunza kuitengeneza kwanza kabla ya vipindi vingine.

Picha inayopanda bila kusimama inastahili maelezo, kwa sababu ndiyo iliyomfanya kila mtoto wa nyumba kuwa msaidizi wa fundi. Televisheni ya zamani ilichora picha kwa mwali mmoja wa elektroni uliopita juu ya kioo mstari baada ya mstari, mistari 625 kwa kila picha, na ndani ya mawimbi yaliyotoka kituoni mlikuwamo ishara maalumu ya kuuambia mwali huo urudi juu uanze upya. Ishara ilipodhoofika, mwali ulianza kwa wakati wake wenyewe na picha ikateleza. Dawa yake ilikuwa kitufe cha nyuma kilichozungushwa kwa subira, ama antena iliyogeuzwa juu ya bomba refu na kijana aliyepandishwa darini, huku watu wa ndani wakimpigia kelele za «Iko!» na «Aiko!», na majirani nao wakiongeza zao kutoka uani. Kijana huyo hakuona hata sekunde moja ya mchezo wa mpira uliowafurahisha wengine. Lakini wapo waliotoka juu ya mabati hayo wakiwa wamekwisha kujua kwamba mawimbi yana upande yanakotoka, kwamba mwili wa mtu aliyeishika antena huwa sehemu ya antena, na kwamba ndiyo maana picha huharibika mara tu anapoiachia na kushuka.

Uhaba wa vipuri ulikuwa mama wa mizaha iliyo mikali zaidi, na uhaba huo una tarehe. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza hatua ambazo zilijulikana kama zairianisation, yaani kunyang'anywa kwa biashara za wageni na kukabidhiwa wananchi wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na mjini Lubumbashi, ambako Wagiriki, Wareno, Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes na wengineo walishika sehemu kubwa ya maduka, njia za kuagizia bidhaa kutoka nje zilikatika ndani ya muda mfupi. Mwaka uliofuata bei ya shaba ulimwenguni ikaanza kuporomoka, na fedha za kigeni zikapungua pamoja nayo. Kuanzia hapo mafundi wa Kenya, wa Katuba na wa Kamalondo, mitaa ya Lubumbashi, walijenga chombo kimoja kutoka katika maiti za vyombo vitatu, wakasuka upya kwa mkono transfoma zilizoungua, wakatumia kipuri kisicholingana na kile kilichoandikwa kwenye mchoro kwa kuunganisha viwili au vitatu mpaka vipimo vikakaribiana. Wakongo wameyaweka maisha ya namna hiyo chini ya kifungu cha 15, kifungu kisichoonekana katika sheria yoyote halisi ila kinajulikana na kila raia kwamba kinamwamuru ajitafutie mwenyewe njia; na kama kipo chama cha watu waliokitii kwa uadilifu kuliko wengine wote, basi ni hicho cha mafundi wa redio.

Umeme wenyewe ulikuwa mwalimu mwingine. Katanga, mkoa wa Lubumbashi, ilipata umeme wa maporomoko mapema, kutoka Mwadingusha mwaka 1930, Koni mwaka 1950 na mabwawa ya mto Lualaba baada ya hapo, lakini ulijengwa kwanza kwa ajili ya migodi, na laini kubwa ya kilomita 1,700 hivi iliyouleta umeme wa bwawa la Inga hadi Kolwezi mwaka 1982 nayo ililenga migodi hiyo hiyo. Mitaa ya raia, iliyohudumiwa na shirika la umeme la SNEL, iliongezeka watu haraka kuliko nyaya na transfoma zake. Katika nyumba nyingi za Lubumbashi chakula hupikwa kwenye reshaud, jiko dogo la umeme la sahani moja au mbili, na kila reshaud hula umeme mara nyingi zaidi ya televisheni. Saa za jioni, wakati sufuria za bukari, yaani ugali, na za maharagwe zilipowekwa jikoni kwa pamoja, nguvu ya umeme katika mtaa mzima ilishuka kutoka volti 220 hadi kiwango cha chini sana, na televisheni za zamani zilionyesha jambo hilo waziwazi, kwa kuwa nguvu iliyouvuta mwali wa elektroni hadi kwenye pembe za kioo ilipungua na picha ikanywea, ikaacha ukingo mweusi pande zote.

Watu walijifunza kuusoma ukingo huo. Upana wake uliwaambia kama mtaa unapika chakula chepesi au kigumu, kwa kuwa maharagwe hukaa jikoni kwa saa nyingi, na mzaha kwamba mtangazaji amekonda kwa sababu ya maharagwe ya jirani ulikuwa sahihi kabisa kwa kipimo cha mhandisi yeyote. Umeme uliporudi ghafla usiku, baada ya reshaud zote kuzimwa, volti zilipanda kupita kiasi na kuunguza kile kilichokuwa kimenusurika jioni, na ndiyo maana vifaa vya kusawazisha umeme, vile visanduku vizito vyenye sindano ya kipimo mbele, vilipata heshima ya pekee sebuleni, vikatandikiwa kitambaa sawa na televisheni yenyewe. Majira ya mvua, yanayodumu kuanzia Novemba hadi Aprili, yalileta radi juu ya mabomba marefu ya antena, na kila familia ilikuwa na mtu mmoja mwenye kazi ya kuchomoa waya wingu linapojikusanya.

Mpaka wa Zambia ulileta fumbo la namna yake, na pengine hakuna mji mwingine wa Waswahili ulioishi na fumbo hilo kwa karibu kama Lubumbashi. Picha za rangi zilirushwa duniani kwa mifumo mitatu iliyoshindana: NTSC ya Marekani, ambayo wahandisi wenyewe waliitania kwamba herufi zake zina maana ya rangi isiyofanana mara mbili, PAL, iliyobuniwa na Walter Bruch nchini Ujerumani, na SECAM, iliyobuniwa na Henri de France nchini Ufaransa. Zambia ilifuata PAL pamoja na nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza, na Zaire ilifuata SECAM. Televisheni iliyonunuliwa upande wa Zambia na kuvushwa mpakani Kasumbalesa kwa gharama na jasho, ikapokelewa nyumbani kwa shangwe kama televisheni ya rangi, iliwaonyesha wenyewe watangazaji wa Lubumbashi kwa rangi nyeusi na nyeupe, na zaidi ya hayo ilikuwa bubu, ama ilitoa mngurumo tu, kwa sababu mfumo wa Zaire uliiweka sauti umbali wa megahezi 6.5 kutoka kwenye picha, wakati chombo cha Zambia kiliitafuta kwenye megahezi 5.5. Megahezi ni kipimo cha mawimbi, yaani mitetemo milioni moja kwa sekunde, na tofauti ya megahezi moja tu ilitosha kumnyamazisha mhubiri, mwimbaji na waziri.

Mteja aliyeamini kwamba ameuziwa chombo kibovu alikuwa tayari kurudi mpakani kupigana, na fundi aliyemtuliza alilazimika kumweleza, kwa maneno ambayo mtu wa sokoni angeyakubali, kwamba chombo ni kizima lakini kimezoea lugha ya upande ule. Maelezo hayo yalichekesha, na yalikuwa kweli. Tiba ilikuwa kuongeza kichujio kidogo cha sauti na, kwa mwenye uwezo, kibao cha kufasiri rangi. Wengine wakatumia redio kandokando kusikiliza sauti ya kipindi kilekile, mpangilio uliokuwa na maana katika mji ambao kituo cha taifa kilirusha baadhi ya matangazo kwa redio na kwa televisheni pamoja.

Jambo lililo zito zaidi katika habari hii yote limo ndani ya vyombo vyenyewe, na ni ajabu kwamba halitajwi mara nyingi. Waya uliosukwa kuzunguka shingo ya kioo cha televisheni ili kuuongoza mwali wa elektroni ni wa shaba. Waya wa transfoma ni wa shaba. Na sumaku ya kipaza sauti, kwa miaka karibu arobaini, ilitengenezwa kwa mchanganyiko uitwao alniko, ambao aina yake iliyoenea sana ina kobalti kiasi cha asilimia 24, pamoja na nikeli, alumini, chuma na shaba kidogo. Mzalishaji mkubwa kuliko wote wa kobalti duniani alikuwa Katanga, iliyoitwa Shaba wakati huo. Mwezi Mei 1978 waasi waliotoka Angola waliuvamia mji wa Kolwezi, kazi za migodi zikasimama, bei ya kobalti ikapanda mara kadhaa, na ndani ya miaka miwili hivi watengenezaji wa vipaza sauti wa Marekani na kwingineko wakaiacha alniko na kuhamia sumaku za feraiti, ambazo hutengenezwa kwa oksidi ya chuma na hazihitaji kobalti. Maana yake ni kwamba fundi wa Lubumbashi aliyefungua kipaza sauti cha zamani na kingine kipya mezani pake aliweza kuitambua vita ya Kolwezi kwa umbo la sumaku tu, kwa sababu ile ya alniko huwa ndefu na nyembamba, na ile ya feraiti huwa pana na bapa.

Sumaku hizo zilikuwa pia chanzo cha kisa kilichojirudia katika sebule nyingi baada ya televisheni za rangi kuenea. Kioo cha televisheni ya rangi kilikuwa na bati jembamba lenye matundu madogo nyuma yake, lililohakikisha kwamba mwali wa rangi nyekundu unapiga doa jekundu tu, wa kijani doa la kijani, na wa buluu doa la buluu. Familia iliyojivunia muziki wake ilipoweka kipaza sauti kikubwa kando ya televisheni, sumaku iliuvuta mwali pembeni na bati lenyewe likashika usumaku, hivyo uso wa mtangazaji ukawa wa zambarau na nyasi za uwanja wa mpira zikawa nyekundu. Fundi aliyeitwa hakufungua hata skrubu moja: alikihamisha kipaza sauti, akakipitishia kioo koili ya waya wa shaba iliyounganishwa na umeme ili kuufuta usumaku uliobaki, kisha akadai malipo yake. Ubishi uliofuata juu ya malipo kwa kazi ya dakika tatu ni ubishi wa heshima ya ujuzi, na mafundi wa kila nchi wameujua.

Heshima hiyo ilikuwa na upande wa hatari, na mizaha mingine ilikuwa njia ya kuwaokoa vijana. Kioo cha televisheni za zamani kilipewa volti kati ya 15,000 na 25,000, na kiliweza kuzitunza hata baada ya kuchomolewa. Kanuni ya kwamba fundi auweke mkono wake mmoja mfukoni anapopima sehemu hiyo huwachekesha wanaoiona kwa mara ya kwanza, kwa kuwa inampa sura ya mtu mvivu. Sababu yake ni kwamba umeme ukiingia mkono mmoja na kutokea mwingine hupita kifuani, mahali moyo ulipo. Kijana anayejifunza kazi husahau somo lililosemwa kwa ukali, lakini hamsahau bwana wake aliyekuwa akitembea karakana nzima na mkono mfukoni.

Kicheko cha Lubumbashi kilikuwa na jukwaa lake rasmi pia. Kikundi cha Mufwankolo kilicheza kwa miaka mingi katika redio na televisheni za mji huo michezo ya kuchekesha kwa Kiswahili cha Lubumbashi, bila maandishi, waigizaji wakikubaliana kwanza juu ya kisa na kisha kuyazalisha maneno wenyewe. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliufuatilia mchezo wao mmoja mwaka 1986, uliojengwa juu ya usemi kwamba madaraka huliwa yakiwa mazima, tangu mazungumzo ya mwanzo hadi kurekodiwa kwake kwa ajili ya televisheni, na kazi hiyo ikatoka kama kitabu mwaka 1990. Umuhimu wa kikundi hicho kwa mada hii ni mkubwa, kwa kuwa kiliwapa watu wa Kenya na Katuba sababu ya kutaka televisheni yao ipone kabla ya jioni fulani: waliotokea kiooni walizungumza kama watazamaji, waligombana kwa mambo ya nyumba za watazamaji, na fundi aliyechelewesha chombo alikuwa ameinyima familia kicheko kilicho chake.

Nchini Marekani, ambako televisheni ilienea miaka ya 1950, mizaha ya mafundi iliandikwa na kuchapishwa. John T. Frye aliandika kwa miaka mingi hadithi za karakana ya Mac, fundi mzee anayemfunza msaidizi wake, na kuanzia 1954 hadi 1964 visa vya vijana wawili, Carl na Jerry, katika gazeti la Popular Electronics, kila kisa kikiwa na somo moja la umeme ndani yake. Hugo Gernsback, mhariri aliyezaliwa Luxembourg, alijificha nyuma ya jina la Mohammed Ulysses Fips kila mwezi wa Aprili ili kuwaandikia wasomaji wake uvumbuzi wa uongo uliokaribia kuaminika. Maandishi hayo yamehifadhiwa, na leo wanaotafiti historia ya ufundi wanayatumia kujua watu wa wakati ule walielewa nini na walikosea wapi. Mafundi wa Lubumbashi walikuwa na Mac wao na Carl na Jerry wao wengi, ila hawakuwa na gazeti.

Kazi ya kukusanya inaweza kufanyika, kwa maana mji huo umekwisha kuonyesha kwamba unaweza. Tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ambao Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ameushughulikia sana, umekusanya simulizi za wafanyakazi wa kampuni za migodi za Union Minière na Gécamines, ule ulimwengu ambamo kazi iliitwa baba na mama. Msanii Jean Katambayi Mukendi, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1974 na kusomea umeme, hujenga mashine za karatasi ngumu, nyaya za shaba na vipande vya vyombo vilivyokufa, na michoro yake ya taa iitwayo Afrolampe imeonyeshwa ng'ambo; mtazamaji anayezijua karakana za Lubumbashi hutambua katika kazi hizo mkono uliofunzwa na uhaba.

Muda wa kukusanya ni mfupi. Televisheni za kioo kizito zimekwisha kuondoka katika maduka, na bapa zilizozirithi hazina vali, hazina shingo ya shaba, hazipunguzi ukubwa wa picha umeme unapopungua bali huzima tu, na kofi moja huzivunja; kazi inayoletwa kwa fundi mara nyingi ni kubadilisha mistari ya taa ndogo zilizoungua nyuma ya kioo. Mafundi waliozijua zile za kwanza ni wazee. Anayekwenda kwao na kinasa sauti hahitaji kuanza na swali la historia: awaulize walimjibu nini mteja aliyeleta televisheni bubu kutoka Kasumbalesa, waliyatambuaje maharagwe ya jirani kwenye ukingo wa picha, walisuka transfoma kwa mizunguko mingapi wakati waya wa shaba, katika nchi ya shaba, haukupatikana dukani, na ni nani aliyewafundisha kuuweka mkono mfukoni.